Tope la Sabaki, nyasi za nani?

Mvua za vuli zikikutana na kaskazi, sisi wa Malindi twajua bahari itageuka rangi ya chai ya maziwa, maji ya mto Sabaki yaja kusini moja kwa moja mpaka ufuoni kwetu. Mjomba wangu ni mvuvi na yeye ashakata shauri, "Mwanangu, tope lote hilo ni la bara." Udongo sawa, sibishi, lakini ndani ya tope mna mabaki ya vitu vilivyokuwa hai, na hayo ndo yananinyima usingizi, yametoka wapi?

Njia ya kawaida ni kupima kaboni 13 dhidi ya kaboni 12, yaani kaboni nzito kidogo dhidi ya ile nyepesi, sababu makundi mengi ya mimea yana kipimo chake. Kwanza unatia asidi kuondoa chokaa ya matumbawe na makombe, maana nayo ina kaboni yake, ukisahau hapo kazi yote imeharibika. Halafu unasoma: mikoko na miti ya bara iko karibu hasi 28 kwa elfu (yaani kaboni 13 imepungua kiasi hicho ukilinganisha na kipimo rasmi), planktoni, vijiumbe vinavyoelea baharini, kama hasi 20 hivi, nyasi za baharini hasi 10 mpaka 15.

Sasa shida yetu hapa, na naona watu wanaipita haraka sana. Huu mto kabla haujatufikia umepita mbuga ya Tsavo huko bara, na nyasi za mbuga zenye joto zina hasi 12 au 13, yaani ni zilezile namba za nyasi za baharini! Na viboko usiku wanalisha nchi kavu, mchana wanarudi kunya mtoni, kwa hiyo nyasi zinaingia majini kila siku. Mtu akisoma namba moja tu atasema hizi nyasi zetu za baharini zimezika kaboni humu topeni, kumbe ni malisho ya Tsavo.

Mimi naamini nta ya majani. Mmea wa nchi kavu unajipaka nta usikauke, na minyororo ya molekuli za nta hiyo ni mirefu, atomi za kaboni 27 hadi 33, ila unaoishi chini ya maji mara nyingi ni mifupi, 21 hadi 25. Hapo angalau utazitenganisha nyasi za Tsavo na za baharini.

Nilipomweleza mjomba akanyamaza kidogo, akasema basi usichote tope la kaskazi peke yake, ngoja na kusi, maji ya mto yakienda kaskazini upande wa Mambrui, uone hapa kwetu kutabaki nini. Nimeshaandaa chupa, nangoja kusi.