Nilivyoponya injini ya gari la michezo iliyokuwa ikimisi
Gari lilikuwa limetembea kilomita 240,000, na bei ilikuwa chini kwa sababu injini ilimisi, yaani ilikosa kuchoma mafuta sawasawa, kila ukikanyaga mafuta. Kabla ya kulipa nilipima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Silinda zote nne zilikaribiana, na kwangu hilo lina uzito kuliko idadi ya kilomita.

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari ilitoa kodi ya hitilafu P0303, yaani silinda ya tatu haichomi vizuri. Wengi hapo hukimbilia kununua koili zote, yaani vifaa vinavyozipa plagi umeme wa kuwasha mafuta. Mimi nilibadilishana koili ya tatu na ya pili, nikafuta kodi, nikaendesha. Ikaja P0302, yaani sasa ni silinda ya pili. Tatizo lilihama na koili, kwa hiyo plagi na nozeli ya kunyunyiza mafuta hazikuwa na kosa.

Lakini koili iliuawa na nini? Kwenye shimo la plagi nilikuta oili imetuama: gasketi ya kava ya juu ya injini ilikuwa imekakamaa kwa uzee, oili ikapenya na kuharibu mpira wa koili. Nikaweka gasketi na sili mpya, nikakausha shimo, ndipo nikafunga koili mpya. Boliti za kava zikazwe taratibu, maana nyuzi za mashimo ya boliti kwenye alumini hukatika upesi. Sasa injini inapanda bila kusita.