Moshi Uliomrudia Mama

Nilikuwa na arusi ya watu ndani ya kompyuta na haitoki. Ilikuwa Februari 2022, South C, Nairobi, kwenye kile chumba cha nyuma ambacho Mama hadi leo anakiita stoo. Video ilikuwa ya saa mbili na ushee, bibi arusi ameshaniulizia mara tatu, na kila nikiamuru itoke ikiwa faili moja iliyokamilika, mashine inakwenda mbio dakika chache kisha inaanza kujikokota. Nikitazama kipimo cha joto, prosesa, ule ubongo wa kompyuta, iko nyuzi 95. Yangu, Ryzen 5 3600, 95 ndiyo mpaka wake; ikifika hapo inajipunguzia mwendo isije ikaungua.

Kompyuta yenyewe niliiunga kwa mkono wangu, kipande kwa kipande, kwa muda wa miezi mitano. Prosesa niliuziwa na jamaa aliyekuwa anabadilisha yake, bila feni wala boksi. Kwenye karatasi imeandikwa wati 65. Nikajiambia, wati 65 si ni balbu moja tu, zile za zamani za mwanga wa njano? Itanishindaje? Nikasahau kwamba balbu ile ukiishika inakuunguza. Nikasahau pia kwamba 65 ni ya karatasini: prosesa hii ikibanwa na kazi inaruhusiwa kuvuta hadi 88, na sehemu kubwa ya joto hilo inatoka kwenye kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Mafundi wa Luthuli Avenue kile kipoza joto kinachokaa juu ya prosesa wanakiita kula. Mama alinisikia kwenye simu nikisema natafuta kula ya elfu mbili, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

“Kula gani huko kwa elfu mbili, na hapa nyumbani nimepika?”

Ya kwanza niliinunua kwa taa zake. Naliandika hili kwa aibu. Ilikuwa fupi, bati tupu la alumini, na feni inayogeuka rangi kama matatu ya Umoinner. Muuzaji mwenyewe aliniambia hiyo ni ya kufungulia barua na kuandika barua, mimi nikaona ananipandishia bei. Ndiyo iliyonifikisha kwenye 95.

Nikarudi, kichwa chini. Safari hii akanitolea mnara: mabomba manne ya shaba yamepita katikati ya mapezi membamba, feni ya milimita 120 ubavuni. “Haya mabomba si shaba tupu, mkubwa,” akasema. “Ndani mna maji kidogo tu. Yanachemka huku chini kwenye prosesa, mvuke unakimbilia kwenye mapezi, unapoa, unarudi kuwa maji. Unazunguka hivyo hivyo siku nzima.” Nilikuwa nimebeba rula ya shule ya mpwa wangu, maana kasha la kompyuta yangu halipokei kula inayozidi sentimita 16 na nusu. Rula ikaishia kwenye 15 na mnara bado unaendelea. Kipande kilichobaki nilikipima kwa jicho na dua.

Nyumbani nikafuta pesti ya zamani kwa spiriti mpaka uso wa prosesa ukanionyesha uso wangu. Nikaweka mpya kiasi cha punje ya choroko. Kazi ya pesti ni kuziba vijishimo visivyoonekana kati ya chuma na chuma, maana humo hukaa hewa, na hewa ni mvivu wa kupitisha joto. Ukiipaka nene kama siagi ya mkate nayo inageuka kizuizi. Nikakaza skrubu kwa mshazari, hii kidogo, ya kule kidogo. Kioo cha ubavu kikafunga. Kati ya kioo na ncha ya mnara pangepita bahasha, si zaidi.

Nikawasha, nikaiamuru itoe arusi, nikakaa kuitazama. 70. 79. 86. Baada ya robo saa, 92.

Nilichoka. Nikampigia muuzaji nikiwa na maneno tayari mdomoni, naye hata hakubishana. “Fungua ubavu uniambie.” Nikaondoa kioo. Dakika tano, 80. “Basi kula yako haina kosa,” akasema, “kasha lako ndilo halipumui,” akakata, ana wateja.

Kuiacha wazi sikuweza. Vumbi la Mombasa Road linaingia mpaka ndani ya kabati, na mpwa wangu alikuwa na miaka minne na kijiko. Nikaanza kulaumu hali ya hewa. Wageni wanadhani Nairobi ni baridi mwaka mzima, Februari hawaijui. Halafu tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, karibu asilimia 15 pungufu ya ile ya pwani, kwa hiyo feni ileile kwa mwendo uleule inabeba joto pungufu ya lile ambalo ingebeba mahali pa chini. Hilo ni kweli kabisa. Mama, mtu wa Mombasa, ana miaka thelathini akilalamika kwamba maharage ya huku hayaivi, na chanzo ni hewa hiyohiyo: maji ya Nairobi yanachemka kabla ya kufika 100. Lakini wenzangu wote wa Nairobi wanavuta hewa hii, na mashine zao hazifiki 92.

Jibu lilikuja Alhamisi, baada ya magharibi. Mama anazungusha udi chumba kwa chumba, na stoo haiachi. Akaingia na chetezo, makaa mekundu, moshi mzito. Akasimama mbele ya kompyuta kuifukiza nayo, sijui kama kwa baraka au kwa kunidhihaki, maana nilikuwa nimeinunia siku mbili. Moshi ukafika karibu na uso wa kasha, ukageuka, ukamrudia machoni.

“Lanitemea hili!” akasema, akipepesa macho.

Nikamwomba asogee nyuma ya kasha. Huko nako moshi ukasukumwa nje. Feni mbili za mbele zinatoa, ya nyuma inatoa. Nilizifunga mwenyewe hivyo, zote tatu, kwa hesabu yangu kwamba joto ni la kutolewa. Hewa mpya ilikuwa inapenya kwa nyufa tu, na feni ya mnara inavuta kwenda nyuma huku zile za mbele zinavuta kwenda mbele.

Mama alitazama, akauliza, “Sasa mlango wa jiko uko wapi?” Sikumwelewa. “Jiko la mkaa, mwanangu. Kile kijimlango cha chini. Upepo waingia pale. Ukiziba pale, hata upepee juu mpaka kesho.”

Skrubu nane. Kila feni ina upande wenye vyuma vya kuishikilia, na hewa hutokea upande huo. Nilikuwa nimeligundua hilo kwa kuchelewa kwa miezi miwili. Nikazigeuza za mbele zikatazama ndani. Mama akashika chetezo palepale, na moshi ukanyonywa wote, ukaonekana kupitia kioo ukipita kwenye mapezi ya mnara, ukatokea nyuma, mwembamba.

Usiku ule arusi ilitoka yote, kioo kimefungwa, 76, mara mojamoja 77.

Ijumaa alikuja shangazi yake bibi arusi kuchukua flashi. Nilikuwa nimeiacha juu ya kasha usiku kucha. Akaitoa kwenye bahasha, akaisogeza puani, akanitazama.

“Mmeifukiza?”

Nikamwambia ndiyo.