Kadi za Idi kwa printa ya nyumbani
Jamani, kadi za Idi mwaka huu nimetengeneza mwenyewe, na maandishi nimeyachapa hapahapa nyumbani. Nimefurahi mno! Ya bibi nimeiwekea herufi kubwa, saizi 24, aisome bila kuhangaika na miwani, na jina lake liko juu kabisa.

Kwa wanaoniuliza jinsi ya kupanga kadi: karatasi ya A4 ilazwe, igawanywe safu mbili. Ikikunjwa, safu ya kulia ndiyo uso wa kadi, ya kushoto ni mgongo. Salamu za ndani zinachapwa upande wa pili. Anza kuchapa kwa majaribio kwenye karatasi ya kawaida, iweke juu ya karatasi ngumu ya kadi, zielekeze kwenye mwanga uone kama maneno yamekaa katikati.

Mimi natumia karatasi ngumu ya gramu 200 kwa mita ya mraba, naipitisha trei ya nyuma maana huko haipindwi sana. Kitenge na shanga bandika baada ya kuchapa, wino ukishakauka. Karatasi yenye gundi na kitambaa haifai kabisa kuingia kwenye printa.

Mwenye fonti nzuri ya Kiarabu anitumie, nataka kuanza za Idi kubwa mapema.