Kigari cha Mwavuli kwa Mzazi Mwenye Mkono Mmoja Tu

Tulipohamia ghorofa ya tatu ya jengo lisilo na lifti, jirani na kituo cha Manor House kaskazini mwa London, binti yetu alikuwa na umri wa miezi minne na gari lake la kwanza la kusukumwa lilikuwa na uzito wa kilo 13. Lilikuwa zawadi ya wenzangu wa kazini, gari zuri lenye kitanda cha kumlaza mtoto mchanga na magurudumu makubwa yasiyoshtushwa na mashimo, na kwa wiki kadhaa nililisifu kwa kila aliyenipigia simu kutoka Tanga. Mume wangu aliporudi kazini ndipo nilipozihesabu ngazi za jengo letu kwa mara ya kwanza, nikakuta ni 46. Nilisimama chini yake nikiwa na mtoto mkononi, mfuko wa nepi begani na gari la kilo 13 mbele yangu, na nikalazimika kuamua ni kipi kitangulie juu na ni kipi kibaki peke yake mlangoni. Nililiacha gari. Jioni jirani alinieleza kwa upole kwamba linaziba njia ya kutokea endapo moto utazuka, naye alikuwa na haki kabisa.

Nyumbani jambo hilo lisingekuwa tatizo, kwa sababu mtoto wa nyumbani ana mikono mingi inayompokea. Ukishuka kwenye daladala kuna mtu wa kumwambia, "Dada, nishikie mtoto," naye akamshika kabla hujamaliza kusema. Ukifika nyumbani kuna bibi, shangazi, binti wa jirani. Huku ugenini watu ni wema, na mara nyingi nimesaidiwa kubeba gari ngazini na watu ambao sikuwahi kuwaona tena, lakini huwezi kuipanga siku yako kwa kutegemea kwamba mtu wa namna hiyo atatokea. Kwa hiyo mama mwenzangu aliyehamia Ulaya anaponiuliza anunue kigari gani chepesi, simtajii jina la kampuni. Namuuliza kwanza ni saa ngapi kwa siku anakuwa peke yake na mtoto, na ni ngazi ngapi zilizopo kati ya mlango wake na barabara, maana majibu hayo mawili yanaamua karibu kila kitu kingine.

Kigari kinachoitwa cha mwavuli ni kile ambacho fremu yake hujikunja kwa upana, vishikio viwili vikasogeleana na kubaki kitu kirefu na chembamba kama mwavuli uliofungwa. Mbunifu wake, Owen Maclaren, alikuwa mhandisi wa ndege wa Uingereza aliyeshiriki kubuni miguu ya ndege ya kivita ya Spitfire, ile inayojikunja na kuingia ndani ya bawa. Inasimuliwa kwamba alimwona binti yake akihangaika safarini na gari zito la mtoto, akaona kuwa ujuzi wake wa alumini na viungo vinavyojikunja ungeweza kumsaidia. Aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu wake, mwaka 1965, na miaka miwili baadaye vigari vyake vilianza kutengenezwa, vikiwa na uzito usiofika kilo 3. Vya leo mara nyingi vina kilo 5 hadi 7, kwa kuwa vimeongezewa egemeo linalolala, kivuli kikubwa zaidi, kikapu cha chini na mikanda imara. Naona nyongeza hizo zinastahili uzito wake, isipokuwa pale mtengenezaji anapoongeza vishika-vikombe na vijimfuko ambavyo vitakatika kabla mtoto hajafikisha miaka miwili.

Jambo ambalo nisingependa mzazi yeyote alipuuze ni namna kigari kinavyokunjwa. Dukani muuzaji hukikunja kwa sekunde tatu akiwa na mikono yote miwili, kiti kikiwa kitupu na sakafu ikiwa laini, na mteja huridhika. Wewe omba ujaribu mwenyewe ukiwa na mtoto wako mkononi, na kama hukwenda naye, beba mkoba mzito mahali pake. Vigari vingi vya mwavuli hukunjwa kwa mguu: unainua wenzo mmoja nyuma kwa ncha ya kiatu, unakanyaga mwingine wa pembeni, kisha unavisukuma vishikio mbele hadi fremu ilale. Angalia kama unaweza kufanya hivyo ukiwa umesimama kwa mguu mmoja huku mtoto akijinyonga begani, kama wenzo unakubali kiatu cha mvua kilicholowa, na kama kigari kikishakunjika kinajifunga chenyewe au kinafunguka tena unapokiinua. Kisha kibebe kwa mkanda wake wa begani na upande nacho ngazi, hata kama ni ngazi tatu tu za dukani, kwa sababu kigari kirefu kinachokugonga kifundo cha mguu kila hatua kitakuchosha kuliko kizito kidogo kinachotulia ubavuni.

Katika kukunja na kukunjua huko, hakikisha mikono ya mtoto iko mbali kabisa. Novemba 2009 kampuni ya Maclaren iliviita virekebishwe vigari vipatavyo milioni moja nchini Marekani ili wenye navyo wapewe vifuniko vya bawaba za pembeni, baada ya kuripotiwa visa 12 vya watoto kukatika ncha za vidole vigari vilipokuwa vikikunjuliwa. Ukinunua kigari kilichotumika, na wengi wetu hununua hivyo, tazama kama bawaba zake zimefunikwa, kisha tafuta jina na aina yake katika orodha za bidhaa zilizoitwa na watengenezaji kwa sababu ya kasoro kabla hujatoa fedha.

Napaswa pia kueleza udhaifu wa kigari cha mwavuli, kwa sababu unagusa hasa jambo ninalolijali. Kinakunjika na kubebeka kwa mkono mmoja, lakini hakisukumiki vizuri kwa mkono mmoja. Vishikio vyake viwili vimetengana, na ukisukuma kimoja tu, mathalani ukiwa umeshika mwavuli halisi siku ya mvua au simu ya ramani, kigari kinakwenda upande. Magurudumu yake madogo nayo hunasa penye mawe yaliyoinuka, na mtu mrefu kama mume wangu hugonga ekseli ya nyuma kwa vidole vya miguu kila anapoharakisha. Kwa sababu hiyo wazazi wengi wa mijini wamehamia kwenye aina ya pili, yenye kishikio kimoja cha mlalo, inayojikunja mara mbili hadi kuwa kifurushi kifupi. YOYO, iliyobuniwa na kampuni ya Babyzen ya Ufaransa, ndiyo iliyoipa aina hiyo umaarufu: ina kilo 6 na kidogo, na ikikunjwa huwa na sentimita 52 kwa 44 kwa 18. Inasukumika kwa mkono mmoja bila shida, ila bei yake ni mara kadhaa ya kigari cha mwavuli cha kawaida, ambacho hapa hupatikana kuanzia pauni 30 hivi. Kama siku yako ina mitaa mingi na ngazi chache, ningekushauri uweke akiba ununue hiyo, au uitafute iliyotumika. Mimi nilikuwa na ngazi 46 kila kutoka na kila kuingia, nikachagua mwavuli wa kilo 5 na nusu, na sikujuta.

Ngazi za jengo letu zilikuwa mwanzo tu. Treni za chini ya ardhi za London zilianza mwaka 1863, na kati ya vituo 272 vilivyopo sasa ni takribani theluthi moja tu ambavyo mtu anaweza kuvitumia bila kupanda wala kushuka ngazi. Manor House hakimo katika hiyo theluthi. Njia ya treni ya Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 2022, ina vituo 41 na vyote vinafikika bila ngazi, na tofauti yake mzazi huihisi mgongoni. Kwenye ngazi za umeme mimi humtoa mtoto, nikakikunja kigari na kumshika mwanangu kifuani, kwa kuwa gurudumu moja likiteleza ukingoni uzito wote unakuvuta chini pamoja na waliokufuata.

Kwenye basi kuna jambo la adabu ambalo sote tunapaswa kulijua. Nafasi pana iliyo katikati ya basi ni ya mtu anayetumia kiti mwendo, na sisi wenye vigari tunaikalia pale tu isipohitajika. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba haitoshi dereva kumwomba mzazi apishe na kuishia hapo; mzazi akikataa bila sababu ya msingi, dereva anatakiwa kuchukua hatua zaidi ya kumshawishi. Kila mara nilipoona kiti mwendo kikisubiri kituoni, nilikunja kigari kabla ya kuambiwa, na nilishukuru kwamba nilikuwa na kitu kinachokunjika haraka. Mwenye gari la kilo 13 lenye mizigo chini hawezi kufanya hivyo hata akiwa na moyo mwema.

Kuhusu umri, kigari cha mwavuli cha kawaida si cha mtoto mchanga. Mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe anahitaji kulala chali kwenye kitu tambarare, kwa hiyo subiri hadi miezi sita hivi, au nunua kile ambacho mtengenezaji ameandika waziwazi kwamba kinafaa tangu kuzaliwa. Hapa Ulaya tafuta maandishi ya EN 1888, kiwango cha usalama cha vigari: sehemu ya kwanza ya kiwango hicho inahusu vigari vya watoto wa hadi kilo 15, na ya pili inawafikisha kilo 22. Mikanda iwe ya sehemu tano, yaani miwili mabegani, miwili kiunoni na mmoja kati ya miguu, nawe uifunge hata kwa safari ya kwenda dukani. Usining'inize mifuko ya sokoni kwenye vishikio, kwani kigari chepesi hubinuka nyuma mara tu mtoto anapotolewa, na wakati mwingine hata akiwa ndani. Na nawaomba sana akina mama wa pwani wenzangu tuache kukifunika kigari kwa kanga wakati wa jua. Tunafanya hivyo kwa mapenzi, lakini hewa haizunguki, joto hupanda kwa kasi chini ya kitambaa chepesi, na humwoni mtoto wako.

Safari za ndege ndizo zilizonifundisha mengine. Mashirika mengi humruhusu mzazi kusukuma kigari hadi mlangoni mwa ndege, kikafungwa lebo na kuwekwa chini na mizigo. Kigari cha mwavuli kikikunjwa huwa na urefu wa karibu mita moja au zaidi, kwa hiyo hakiingii kwenye rafu za juu ya viti. Kile kifupi chenye kishikio kimoja mara nyingi huingia, ingawa kila shirika lina vipimo vyake na ni vyema kuvisoma kabla ya kukata tiketi. Swali muhimu la kuuliza kaunta ni mahali kigari kitakaporudishwa: je, ni mlangoni mwa ndege au kwenye mkanda wa mizigo, na je, kitatolewa kwenye kiwanja cha kuunganisha au kitakwenda moja kwa moja hadi mwisho wa safari? Mwaka ule wa kwanza sikuuliza. Tulishuka usiku kwenye kiwanja cha kuunganisha, nikasubiri mlangoni hadi wafanyakazi wa usafi walipoingia, ndipo nikaambiwa kwamba kigari kiko tumboni mwa ndege na nitakikuta Dar es Salaam. Nilikuwa na saa nne za kusubiri, mtoto wa kilo 9 aliyelala, na kanga moja mkobani. Nilimfunga mgongoni, nikatembea.

Tangu siku hiyo kanga haikosekani katika mkoba wangu wa mkononi, na kigari nakivika mfuko wenye zipu kabla ya kukikabidhi, baada ya kukivua kifuniko cha mvua na kila kinachoweza kudondoka, na kukipiga picha.

Katika Jengo la Tatu la kiwanja cha Dar es Salaam kigari kilitufaa sana, na kwenye vituo vya mwendokasi, ambako jukwaa liko sawa na sakafu ya basi, kilipita vizuri kuliko kinavyopita London. Tanga ilikuwa habari nyingine. Pembezoni mwa barabara za Ngamiani magurudumu yalizama mchangani hatua ya kumi tu kutoka mlangoni, na mama yangu, aliyekuwa akitutazama kutoka barazani, akasema, "Mwanangu, lete mjukuu wangu hapa, hicho kipumzishe." Kwa wiki tatu zilizofuata kigari kilikuwa kiti cha kulishia uji barazani, nacho kilifaa, na mtoto alitembezwa kwa mbeleko na watu ambao mimi mwenyewe wengine siwajui majina. Sikuhitaji kuhesabu ngazi wala mikono.

Mwaka huu binti yetu amepita kilo 15 na anazipanda zile ngazi 46 mwenyewe, akizihesabu kwa Kiswahili. Ghorofa ya pili amehamia mama wa Kisomali aliyekulia Mombasa, mwenye mtoto wa miezi saba na mume anayefanya kazi ya usiku. Nilikifua kitambaa cha kigari, nikazipaka bawaba mafuta, nikampelekea. Alipokipokea kwa shukrani nyingi nilimwomba asikiingize ndani kwanza. "Samahani dada," nilimwambia, "mchukue mtoto begani, kisha ukikunje hapa hapa ngazini." Mara ya kwanza alishindwa kuupata wenzo. Mara ya pili kilimponyoka. Mara ya tatu alikikunja bila kuangalia miguu yake, akakitundika begani, na mtoto wake hakuamka.