Masta silinda mpya imeingia, hewa nayo imeingia

Jumamosi. Kwa aliyeikosa kumbukumbu iliyopita: pedali ya breki ilikuwa inazama. Ukikaa kwenye foleni Kondele na mguu juu yake, inashuka polepole mpaka chini, na magurudumu yote manne makavu. Oili kwenye kikopo haipungui. Maana yake inapenya ndani kwa ndani, inazipita raba za masta silinda, ile pampu inayosukuma oili kwenda magurudumuni ukikanyaga pedali.

Mwaka jana nilibadilisha raba peke yake, nikajiona mjanja. Leo nimeifungua, nikapitisha ukucha ndani: mikwaruzo. Raba mpya zilikuwa zinasagwa na chuma kibovu. Nikapanda boda na ile kuukuu ndani ya mfuko wa plastiki, tukalinganisha kipenyo na matundu pale dukani, nikanunua nzima.

Nati za paipu ni za spana 10. Usiziguse kwa spana ya kawaida, zitaviringika. Tumia ile ya kukumbatia nati karibu yote. Weka na kitambaa chini. Breki oili inakula rangi, na gari langu sasa lina kidoa cha ukubwa wa shilingi ishirini cha kuthibitisha hilo.

Kuifunga: saa moja na nusu. Nikafurahi mapema.

Jumapili. Kutoa hewa kwenye paipu za breki. Mpwa wangu kwenye kiti, mimi chini na kimpira cha dripu na chupa ya soda. Tulianza gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta, tukamalizia la mbele kulia.

“Kanyaga.”

“Nimekanyaga, mjomba.”

“Shikilia hapo hapo. Usiachie mpaka nifunge.”

Lita nzima ya breki oili, aina ya DOT 3, ikaisha. Pedali bado sponji, yaani hewa bado imo. Jua la Kisumu nalo halina huruma, mtoto akaanza kuachia kabla sijafunga, nikamfokea bure.

Jioni jirani yangu fundi akapita na kikombe chake cha chai. Aliuliza swali moja tu: “Uliijaza kwenye jiliwa kwanza?”

Yaani masta ibanwe kwenye jiliwa na kujazwa oili kabla ya kufungwa garini. Sikuijaza. Niliifunga kavu.

Tukafungua paipu mbili pale kwenye masta, tukaweka vipande vya mpira vinavyorudisha oili kikoponi, mpwa akasukuma pedali taratibu, nusu nusu. Mapovu yalitoka kama soda iliyotikiswa. Yalipokwisha tukarudia magurudumu, safari hii kwa chupa mpya. Ile nusu iliyobaki tangu mwaka jana nimeimwaga: oili hii hunyonya unyevu, na DOT 3 inayochemka kwa nyuzi 205 ikiwa mpya inaweza kushuka hadi 140 ikishanywa maji.

Pedali sasa iko juu, ngumu, haizami hata nikiihesabia dakika mbili. Nimejaribu uwanjani tu, mwendo wa baiskeli. Mteremko wa kutoka Kiboswa kuja Mamboleo utangoja wiki ijayo, nikishachungulia kama nati zinavuja. Mpwa amedai soda mbili, moja ya kazi, moja ya kufokewa.