"Hiyo siyo bodi yake"

Nikionyesha picha ya Buick, gari la Kimarekani, ya miaka ya 1920 iliyouzwa Australia, hakosi mtu wa kuniambia, "Hiyo siyo bodi yake." Kaona mlango haufanani na wa ile ya Marekani, keshahukumu. Ni bodi yake, jamani. Haijawahi kuvaa nyingine.

Zama hizo gari lilikuwa vitu viwili. Kiwanda kilitoa chesisi, yaani fremu, injini, giaboksi, ekseli na usukani. Bodi, yaani umbo la juu lenye milango na viti, ilikuwa shughuli ya mafundi wengine, wengi wao waliokulia kwenye magari ya farasi: kiunzi cha mbao, kisha mabati juu yake. Hata Rolls-Royce waliuza chesisi tupu kwa miaka mingi, tajiri akajitafutia fundi wa bodi mwenyewe.

Ukipakia bodi melini, sehemu kubwa unalipia nauli ya hewa. Mwaka 1917, vita vikiendelea, Australia ikabana uingizaji wa bodi ili kuokoa nafasi melini. Kule Adelaide, Holden & Frost walikuwa watengenezaji wa matandiko ya farasi; ngozi na kushona walishavijua, wakaingia kwenye bodi. Mwaka 1919 ikaundwa Holden's Motor Body Builders, na General Motors, wenye Buick, wakawa wateja wao wakubwa hadi kampuni hizo zikaungana mwaka 1931. Gari lenye jina la Holden lenyewe lilikuja 1948. Kwa hiyo anayeng'oa bodi ya Adelaide aweke nakala ya ile ya Flint, Michigan, kwao Buick, eti anarudisha asili, anaunda gari ambalo mnunuzi wa kwanza hakuwahi kuliona.

Kanada nako, familia ya McLaughlin wa Oshawa, waunda magari ya farasi, walianza mwaka 1908 kuuza magari yenye injini ya Buick na bodi yao wenyewe.

Ila ninayempenda zaidi ni Charles Weymann, rubani aliyezaliwa Haiti akafanyia kazi Paris. Tatizo lake lilikuwa kelele. Chesisi za wakati ule zilijipinda kwenye mashimo, mbao zikasuguana, bodi nzima ikalia. Wengine walikaza zaidi, yeye akalegeza. Aliunga mbao kwa vipande vya chuma, akaacha upenyo ili mbao zisigusane, kisha badala ya bati akavisha kitambaa. Bodi ikawa nyepesi, kimya, inayocheza pamoja na barabara. Mafundi wa nchi nyingine wakanunua leseni yake. Ubaya wake ni unyevu: kitambaa huchakaa na mbao chini yake huoza, ndiyo maana zilizobaki ni chache.

Kilichoiua kazi hii ni chuma. Dodge walikuwa na bodi ya chuma tangu 1914, na mashine za kuikandamiza zilikuwa ghali mno kwa karakana ndogo. Kisha ikaja Citroën Traction Avant ya 1934, ambayo bodi na fremu ni kitu kimoja. Hapo fundi wa bodi hana pa kuanzia.