Kisu cha Mia Nne na Mkono Wangu wa Kushoto

Mimi ni mashoto. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alijitahidi kunirekebisha. Kwake mkono wa kulia ndio wa kuume, na huo mwingine kazi yake ilijulikana na haikuwa ya mezani. Kijiko alifaulu kukihamisha. Kisu hakukiwahi. Mpaka leo nakula kwa kulia na kukata kwa kushoto.

Nauza nguo za watoto Gikomba, soko la mitumba la Nairobi. Robota la kilo 45 hufika limekazwa kwa mikanda ya plastiki, na linapofunguliwa alfajiri, wateja wa kamera, wale wanaogombania kuchagua mwanzo, huwa tayari wameshalizunguka. Mkono mmoja unashika mkanda usije ukakurukia usoni ukikatika, mwingine unakata. Zamani nilikuwa na kisu cha jikoni nilichokizungushia gazeti na kukitia kwenye mfuko wa aproni. Siku kilipotoboa gazeti na kunichana paja, nikasema basi. Nikanunua cha kukunja kwa mchuuzi, shilingi 400, cheusi, cha China, kina klipu ya kukining'iniza mfukoni na kinundu cha kusukuma kwa dole gumba ili kifunguke kwa mkono mmoja.

Kwa mkono mmoja, lakini uwe wa kulia! Kinundu kilikuwa upande wa kushoto wa ubapa, linapotua dole gumba la mkono wa kulia. Klipu nayo ilikuwa upande wa pili. Nikikitoa mfuko wa kushoto, dole langu linakutana na chuma kitupu. Wiki nzima nilikifungua kwa mikono miwili huku mkanda nimeukanyaga kwa mguu. Jirani yangu wa kibanda alinishauri nikiuze. Nikamwambia nitakiuza kwa nani, na mimi ndiye niliyekosa, sikukijaribu kabla ya kulipa?

Nilikipeleka Luthuli Avenue kwa kijana anayenitengenezea simu.

"Mathe, hii si simu," akasema.

"Najua. Lakini tazama skurubu zake, ni za nyota."

Akacheka, akatoa bisibisi zake. Ya saizi ya T6 iliingia kwenye klipu na kwenye kinundu, ya T8, kubwa kidogo, kwenye bawaba, pale ubapa unapozungukia. Kinundu kilikuwa vipande viwili: kichwa upande mmoja, skurubu upande wa pili, vimekutana ndani ya tundu la ubapa. Kwa hiyo kukigeuza ni kukifungua na kukiingiza kutokea ng'ambo. Kwa maneno ni rahisi. Skurubu ilikataa kabisa, na kijana alipoongeza nguvu nikaona meno ya nyota yanaanza kulika. Nikamshika mkono. Kumbe kiwandani huwa wanatia gundi ili skurubu isilegee, na gundi hiyo dawa yake ni moto. Aliigusisha ncha ya chuma chake cha kulehemu kama nusu dakika, akajaribu tena, ikazunguka bila ubishi.

Tukakigeuza, tukarudisha kila kitu, nikafunga kisu. Hakikufunga. Kinundu kilikuwa kinagonga ukingo wa mpini, kwa sababu upande ule mtengenezaji hakukiachia nafasi. Hapo ndipo nilipopoteza jioni mbili nyumbani na tupa ya mviringo, nikichimba kijidimbwi kwenye plastiki na kwenye bati lililo chini yake. Plastiki inakwenda upesi, bati linakuchosha. Ushauri wangu: funga ubapa kwa utepe mzito kabla ya kuanza, na usichimbe kwa kukisia. Paka kinundu wino wa kalamu, funga kisu polepole, pale wino ulipogusa ndipo pa kula. Kwenye ubapa wenyewe sikugusa kitu.

Klipu ilinitoa jasho zaidi. Upande wa kushoto hapakuwa na matundu yoyote. Kamukunji, kwa mafundi wanaofua masanduku na majiko, mmoja aliniambia tundu nitakalo ni la sindano na keekee zake ni za milango. Alikuwa na haki. Skurubu zile ni za milimita 2, na ili hesi, ile mistari ya kuzunguka ya skurubu, zishike unatoboa kwa milimita 1.6. Aliyekuwa na keekee ya namna hiyo ni mzee mmoja fundi wa saa, River Road. Ya kwanza ilivunjikia ndani ya bati na nikailipia. Ya pili aliipa tone la mafuta kila baada ya mizunguko michache, bila haraka, akiniambia habari za wajukuu wake. Kisha akakata hesi kwa mkono, nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Bati ni jembamba, hesi mbili tatu tu ndizo zinazoshika, lakini klipu haibebi mzigo wa maana.

Loki sikuibadili, na sidhani inafaa kujaribu kwa kisu cha bei hii. Ndani ya mpini kuna mabati mawili. Moja limechanwa na kupindishwa ili ubapa ukifunguka liruke nyuma ya kisigino chake na kuuzuia usirudi. Limeelekezwa dole gumba la kulia. Mimi nalisukuma kwa kidole cha shahada, nikihakikisha vidole vingine vimetoka kwenye njia ya makali. Ilinichukua siku kadhaa kuzoea. Ningekuwa nanunua leo ningetafuta chenye loki ya mgongoni, maana mgongo hauna kulia wala kushoto. Wafaransa wa Opinel, watengenezaji wa visu, wana pete ya kuzungusha shingoni mwa mpini, waliyoibuni mwaka 1955, na hata huuza toleo la mashoto, ila bei yake na robota langu ni vitu viwili tofauti.

Kilichobaki ni skurubu za klipu. Kwa kuwa ile gundi ya kiwandani tuliichoma, zililegea baada ya siku tatu, na moja ilipotelea kwenye soksi za watoto. Kijana wa Luthuli alinipa nyingine kutoka kopo lake la skurubu za kompyuta kuukuu. Safari hii, kabla ya kukaza, nilizichovya kwenye rangi ya kucha. Nyekundu, ndiyo iliyokuwa kwenye mkoba. Huu mwezi wa tano, na bado zimekaa.